Jirani wa Kana Nyeusi

Vijana wangu wa bustanini, tangu niliporudisha jembe na funguo za depo ya vifaa mmekuwa mkija kwangu Mabanga, hapa Goma, mmoja mmoja kuniuliza mambo ambayo mngeweza kuniuliza miaka yote nilipokuwa nainama pale mbele yenu. Maua yetu ya kana yanageuka kijani, tufanye nini? Majani meupe yanaoza, tufanye nini? Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama mlangoni huku chai yangu inapoa, kwa hiyo nimeamua kuandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana hazikunifundisha kitu. Nitaandika juu ya majani meusi, juu ya Muzee Balume aliyenifundisha kuyaona, na juu ya juma lile ambalo kana yake nyeusi nusura iishie kwenye moto wa takataka. Ndiyo hiyo hiyo mnayowaonyesha wageni leo kana kwamba ilijiotea.

Niliingia kazini katika hoteli yetu ya kando ya ziwa wakati nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaïre na majina ya ubatizo yalikuwa yanafutwa kila mahali. Karani aliniuliza jina, nikasema Régine. Akasema, "Hiyo ilishaisha, mama. Ya kwenu ni gani?" Nikasema Katungu. Basi nilianza kazi kama Katungu, na mama yangu kule Butembo, ambaye hakuwahi kukosa misa ya asubuhi, hakuambiwa. Walinichukua kwa ajili ya kung'oa magugu tu. Maua yalikuwa kazi ya wanaume, sijui kwa sababu gani, kwa kuwa mashambani kwetu kila kinachoota kimepandwa na mwanamke.

Mkubwa wa bustani alikuwa Muzee Balume, mtu wa milima ya Masisi, mwembamba, aliyevaa koti la sufu juani na mvuani. Hakuwa na maneno mengi. Siku ile ya kwanza aliangalia mikono yangu, kisha miguu yangu, kisha akanionyesha lundo la viazi vya kana. Mnajua kana inavyozaa chini kwa chini, viazi vyake vimeshikana shikana kama tangawizi. Akasema, "Panda pale unapopenda." Nikafurahi. Nilichagua kitalu kilicho chini ya ukuta wa mawe ya volkano, nikalegeza udongo, nikatia mbolea ya ng'ombe, nikapanda kwa mstari. Mvua zikaja, kana zikasimama hadi begani kwangu, majani mapana, meusi yenye wekundu kwa ndani. Nilijiona fundi.

Muzee aliniacha nijisifu mpaka kiangazi. Siku moja akanipandisha kwenye baraza ambapo wageni hunywa bia, akanigeuza uso kuelekea kitalu changu.

"Katungu, pale unaona nini?"

"Naona ukuta, Muzee."

"Na kana?"

Nikakodoa macho. "Sizione."

"Ziko pale. Ziko na afya kuliko mie. Sasa, jirani yake ni nani?"

Sikumwelewa. Akaninyooshea kidole: nyuma ya kana kulikuwa na mawe meusi, chini yake udongo mweusi, na juu ya udongo kivuli cha ukuta cha jioni ile. Nilikuwa nimepanda jeusi ndani ya jeusi. Mahali pengine, kwenye udongo mwekundu au mbele ya chumba kilichopakwa chokaa, jani jeusi linajitangaza lenyewe. Goma si mahali pengine. Hapa mlima ulishamwaga rangi yake kabla yetu, na mtu anayepanda jani jeusi bila kufikiri juu ya jirani yake anapoteza mbolea ya watu. Vitabu vya maua tulivyoachiwa na wazungu vina picha nzuri sana, lakini waliozipiga hawakuwahi kulima kwenye lava.

Tangu siku ile sikupanda kitu kabla ya kusikia swali lile. Jirani yake ni nani? Muzee aliliuliza kwa kila mche, kwa sauti ile ile, hata alipokuwa peke yake. Kana tuliitafutia jirani wa kila aina. Tulijaribu yale majani yanayoonekana kama yamenyunyiziwa unga, yakaoza mvua za masika, na yataoza kwenu pia, kwa hiyo acheni kung'ang'ana nayo. Tulijaribu kolewusi, ule mmea wa majani ya manjano, ukapendeza lakini jua likauunguza. Kilichoshika ni yale majani membamba yenye mstari mweupe katikati, yanayotupa watoto wao hewani. Hayachagui udongo, hayaogopi mvua, na yakiwekwa miguuni pa kana nyeusi, kitalu kizima kinaamka.

Nyinyi mnapenda kusikia juu ya kana na kuruka habari za udongo, kwa hiyo nazisema hapa katikati msije mkaziruka. Kwenye hoteli hakuna udongo. Kuna jiwe. Kila shimo tulilitoboa kwa chuma kirefu cha kuvunjia mawe, baramini, na udongo wenyewe tuliuleta kwa lori kutoka Kibumba. Baramini ya Muzee ilikuwa imelika mpaka ikawa fupi kuliko mimi, na hakumruhusu mtu kuigusa. Jambo la pili ni jua: kana ikikaa kivulini inasahau weusi wake, ndiyo maana zenu za nyuma ya jikoni ni za kijani na mnanisumbua mimi. Jambo la tatu ni mlima. Ukianza kutoa moshi upande wetu, mvua inayofuata inaunguza majani, na kwenye jani jeusi kila doa linaonekana. Osheni majani kwa maji ya ziwa kabla jua halijapanda. Najua ni kazi ya kuchosha, mimi mgongo wangu ulibaki huko.

Sasa kana nyeusi yenyewe. Zile nilizopanda mwanzoni zilikuwa za kawaida, nyeusi ya kiasi. Muzee alitaka nyeusi kabisa. Kila msimu alikusanya mbegu za ile iliyo nyeusi kuliko wenzake, mbegu ngumu kama risasi, akazisugua kwenye jiwe la lava mpaka ngozi ikatoboka kidogo, akazilaza kwenye maji, akapanda katika makopo ya maziwa nyuma ya depo. Nyingi zilitoka za kijani, akazitupa bila huruma. Iliyotoka nyeusi aliitunza, akangoja mbegu zake, akaanza upya. Alikuwa ameanza kazi hiyo kabla mimi sijafika Goma. Mwishowe akapata moja ambayo jani lake, asubuhi lenye umande, lilikuwa jeusi kama mkaa uliolowa. Tuliigawa viazi vyake polepole mpaka ikajaza kitalu kimoja, mbele ya baraza. Muzee hakuwa na mtoto, na mkewe alikuwa amefariki zamani. Mara moja tu alinisemea juu ya jambo hilo, tukiwa tunafunika mizizi: "Katungu, mie sina kitu ingine cha kuacha. Ni hii." Kisha akaniambia nishike jembe vizuri.

Hatukuwa na kana tu. Kando ya kitalu kulikuwa na majani mekundu ya damu, yale ya kukata kata yawe mafupi, ambayo mpishi mgeni kutoka Beni aliyachuma asubuhi moja akidhani ni lengalenga nyekundu, mchicha wa kwetu. Aliyapika kwa mawese na vitunguu. Wageni wa meza ya dirishani walikula, wakasifu, wakaomba tena. Muzee Balume alikwenda jikoni, akaonja kijiko kimoja, akasema inakosa chumvi, akarudi kazini.

Na kulikuwa na ile safu ya njia ya kuingilia. Hapo ndipo shida ilipotokea. Mzungu aliyekuwa na hoteli zamani alileta mmea mrefu wenye majani kama upanga, rangi ya divai iliyokolea, akataka upandwe pande zote mbili za njia, miwili miwili, kutoka lango hadi mlangoni. Mnaujua. Ni ndugu kabisa wa ule wa kijani ambao huku kwetu unapandwa penye mpaka wa shamba na penye kaburi, ili watu wajue mtu amelala pale. Huu ulikuwa mweusi, wa kununua, umekuja kwa ndege, kwa hiyo hakuna aliyeuita mmea wa makaburi. Tuliuita dracena na tukaufagilia chini.

Kisha biashara za wageni zikapewa wenye nchi, na hoteli yetu ikapata patroni mpya, mwenye mali, mtu wa Masisi, amevaa abakosi, lile koti la bila tai la siku zile, iliyonyooshwa vizuri. Sikuona ubaya wake. Alitusalimia kwa mkono na hakutukana mtu. Alipoamua kumwoza binti yake bustanini kwetu, Muzee Balume hakuwepo. Kifua kilikuwa kimemshika, alikuwa amelazwa hospitali, na mimi ndiye niliyebaki na watu wa bustani. Kila Jumapili nilimpelekea uji, na kila Jumapili aliniuliza habari za kana kabla ya kuonja.

Juma la arusi akafika mama wa patroni, koko, bibi wa miaka mingi, ameletwa kwa gari kutoka milimani. Gari likasimama langoni. Akashuka, akaiangalia njia yetu, safu mbili za majani meusi yaliyosimama wima mpaka mlangoni, akarudi ndani ya gari na kufunga mlango.

Mimi nilikuwa karibu, fagio mkononi. Akanifungulia dirisha kidogo.

"We mama. Hapa mulizika nani?"

"Hatukuzika mutu, koko."

"Mbona alama zake zimejaa? Huku na huku! Mie sipite katikati ya makaburi kuenda kucheza arusi ya mujukuu wangu. Hata kidogo."

Nikamwambia ni maua. Akanitazama kwa huruma, akafunga dirisha. Patroni akaja, akainama kwenye kioo, akabembeleza, akashindwa. Akanivuta pembeni.

"Mama Katungu, mie sina neno na mayani yenu. Lakini mama yangu hatalala mu gari. Toeni yote ya meusi, yote, mbele ya samedi, siku ya arusi. Muchome, asiyaone tena."

"Na zile kana za mbele ya baraza, patroni? Hizo hazina kaburi."

"Yeye atajua tofauti yake aje? Yote, mama."

Nilikasirika, na nasema wazi kwamba nilikasirika hasa kwa sababu hakuna aliyekuwa na kosa. Koko aliona alichokiona. Patroni alikuwa na mama. Lakini Muzee alikuwa kitandani akihema kwa shida, na kitu pekee alichotaka kuacha duniani kilikuwa kinatakiwa kichomwe kabla ya keki. Patroni alisema asiyaone tena koko. La kuchoma nikalisahau kwa makusudi; nikiyapeleka kwangu Mabanga, hatayaona. Nikaita wanaume wawili wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, tukang'oa dracena pamoja na mizizi yake, tukachimba kana nyeusi zote, tukazifunga kwa magunia mabichi, majani yakiwa nje.

Kwenda Mabanga tulipitia sokoni Birere, na hapo ndipo ningalipaswa kuelewa. Mnajua Birere ilivyo, hata mtu aliyebeba kitanda hapewi nafasi. Siku ile watu waliachia njia. Wauza nguo wakanyamaza. Mzee mmoja akavua kofia. Dada mmoja akaweka mkono kifuani, akasema "Pole", nami nikajibu "Asante", maana ningejibu nini?

Nyumbani kwangu hapana shamba. Ni mbao, mawe na njia. Mahali pekee palipokuwa na udongo kidogo palikuwa mbele ya mlango, chini ya ukuta wa mbao zilizopakwa mafuta ya gari yaliyochakaa, nyeusi. Tuliziegesha pale zote kwa mstari, tukafunika mizizi, tukamwagia maji, na wenye chukudu wakaondoka. Mume wangu Kambale alikuwa safarini Butembo na bidhaa, na siku nyingi hatukuwa tumepata habari zake, jambo la kawaida kwa barabara ile wakati wa mvua. Nikaingia ndani kunawa miguu.

Nilipotoka, uani kulikuwa na watu. Mama Furaha, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza mihogo, mwanamke ambaye sauti yake inafika barabarani kabla yake, alikuwa ameshusha mzigo wa kuni na sasa ananong'ona. Nyuma yake wamama wengine na mikeka. Mmoja ameleta sufuria ya maharagwe.

"Pole, Mama Katungu. Pole kabisa," akasema, akanishika. "Ni mu njia?"

"Mu njia nini?"

"Papa Kambale. Ni gari njo ilipinduka?"

Nilifikiri wao wamesikia habari ambayo mimi sijasikia, nikaketi chini na kuanza kulia, na wao walipoona nalia wakawa na hakika, wakalia kwa nguvu zaidi. Tulilia hivyo mpaka mtu mmoja mwenye akili akauliza habari imeletwa na nani. Mama Furaha akasema, "Habari gani? Si tuliona alama mbele ya nyumba?" Nikaangalia safu yangu ya dracena na kana, nikaangalia mikeka yao, nikaelewa. Sikujua nicheke au niwapige.

Nilikuwa katikati ya kuwaeleza ndipo Muzee Balume alipotokea kwenye uchochoro, koti mabegani, akitembea polepole na kushika kuta. Mtu wa bustani alikuwa amempelekea habari hospitali, naye akatoka bila kuwaaga. Akaona kuni, mikeka, wanawake wenye machozi.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Inaonekana ni maua yako, muzee," akasema Mama Furaha, akijifuta macho.

Watu wakacheka, kicheko kile cha baada ya hofu. Yeye hakucheka. Alipita mbele ya kana moja baada ya nyingine, akigusa majani, akibonyeza mizizi kwa kidole cha mguu aone kama imeshindiliwa. Alipofika mwisho akasimama, na nikaona analia. Sikuwahi kumwona analia kabla ya hapo. Hakuna aliyeupeleka mkeka nyumbani. Wakamkalisha, wakawasha kuni, maharagwe yakaiva, tukala.

Nikamweleza habari za koko. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Akatikisa kichwa.

"Yule mama ana haki. Mie ni mutu wa kwao, nilipashwa kujua. Muzungu aliona rangi, na mie nikakuwa naona rangi tu. Nilipita kati ya makaburi kila asubuhi na sikusalimia mutu."

Kisha akanyanyua macho, akatazama zile kana mbele ya mbao zangu nyeusi, na mwalimu akamrudia usoni.

"Lakini Katungu, hata hapa! Jirani yake ni nani?"

"Ni mie, muzee," akasema Mama Furaha, akidhani anaulizwa yeye. Alikuwa amesimama nyuma ya kana, na kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kilikuwa cha manjano, kile cha arusi na misa. Muzee akamtazama yeye, akatazama majani, akafunga jicho moja.

"Kweli," akasema. "Usitoke hapo. Sasa naziona."

Arusi ilifanyika. Koko alicheza mpaka viatu vikamshinda. Baadaye patroni aliwatazama wageni wakitazama bustani, akakiri mwenyewe kwamba mahali pale pamefifia, kila kitu kijani juu ya kijani. Nilipomwambia kana hazikuchomwa, akaomba zirudi mbele ya baraza, tukazirudisha, na Mama Furaha akanipa mche wa yale majani ya mstari mweupe kutoka kwenye kopo la mlangoni kwake, maana yetu yalikuwa yamekanyagwa na wacheza ngoma. Hayo mnayoyaona leo miguuni pa kana ni watoto wa kopo lile. Dracena hazikurudi njiani. Kama patroni wenu wa kesho ataona picha za zamani na kuzitaka, mwambieni hapana, na mwambieni kwa nini. Nilizihamishia kwenye mpaka kati yangu na Mama Furaha, mahali panapozistahili.

Muzee aliishi misimu mingine mingi baada ya hapo, kikohozi na koti vyote viwili. Alistaafu, akaniachia baramini yake, akawa anakuja kukaa barazani kunywa chai na kuuliza maswali yake kwa sauti ili wageni wasikie.

Alipofariki tulimzika hapa hapa Goma, kwenye makaburi ya mawe, maana njia ya kwao haikupitika msimu ule. Kaburi lilitobolewa kwa baramini yake mwenyewe. Wamama wa Mabanga walikuja na kuni na mikeka, wengine wao wale wale, na Mama Furaha akaniambia, "Leo hatukukosea." Upande wa kichwa nilimwekea dracena moja kutoka kwenye mpaka wetu, alama inayoeleweka na kila mtu wa milima. Upande wa miguu nikapanda kana yake nyeusi. Nilipomaliza nikarudi nyuma kuitazama, kama alivyonizoeza.

Haikuonekana. Udongo mweusi, mawe meusi, na jani jeusi kuliko vyote viwili. Nikajisikia nikiuliza kwa sauti, mbele ya padre na watu wote, "Jirani yake ni nani?"

Watu wakatazamana. Mama Furaha akatoka kwenye mstari na kopo lake la majani ya mstari mweupe kwapani, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono.

"Ni mie," akasema.